Akaunti ya Mama Faili

Mtoto ninayelala naye chumba kimoja siku hizi si wangu, ni wa mdogo wangu. Ana miaka saba. Yuko hai, anakula, na viatu vimeanza kumbana kama mtoto mwingine yeyote. Nayasema haya mapema kwa sababu watu wakisikia nusu ya habari hii huanza kunipa pole ya msiba. Hakuna msiba. Kuna mtoto aliyekaa kwenye mkeka, na hakuna anayejua kumwita. Jina lake sitaliandika hapa.

Ilianza Jumatatu ya kawaida. Mimi ni dobi wa hospitali, nafua mashuka, mapazia na makoti ya madaktari. Siku hiyo mashine moja kati ya mbili ilikuwa imekwama tena, kwa hiyo asubuhi nzima nilifua kwa mikono na mgongo ulikuwa unaniwaka. Saa nne nikabeba mapazia makavu kuyapeleka chumba cha kumbukumbu za wagonjwa, anakofanya kazi mdogo wangu. Chumba chenyewe ni chembamba kama korido. Kina rafu za mafaili hadi darini, meza mbili, kompyuta mbili, na dirisha dogo lenye nondo ambapo wagonjwa husimama kwenye foleni wakisubiri kuitwa majina.

Meza ya pili ilikuwa ya Mama Faili. Alikuwa amefariki wiki moja kabla, Jumapili, kitandani kwake, kwa presha iliyojulikana na kila mtu. Tulimzika Jumanne. Sioni la ajabu katika kifo chake na sitaki kumsingizia marehemu. Alikuwa mwanamke mkimya, hakuwa na mume wala mtoto, na kwenye kile kiti alikaa miaka thelathini na moja. Kazi yake kubwa ilikuwa majina. Mgonjwa akiandikishwa kwa jina la jirani, mama akibadili jina la mtoto mchanga baada ya wiki mbili, mtu akiokotwa barabarani bila kitambulisho halafu ndugu zake wakamtambua, yote hayo aliyarekebisha yeye. Akaunti yake peke yake ndiyo iliyokuwa na ruhusa ya kubadilisha jina la mgonjwa. Wengine wote waliweza kusoma tu.

Sasa hayupo, na foleni ya majina ilikuwa imefika getini.

Hospitali yetu ina tabia moja. Mtu akifa au akistaafu, vitu vyake havifungwi, vinarithiwa. Kiti kinarithiwa, kikombe kinarithiwa, funguo pia. Nimefua makoti yenye jina la daktari aliyekufa miaka minne nyuma, na bado yanavaliwa. Kwa hiyo bosi wa kitengo, ambaye sote tulimwita Miwani, hakuona shida yoyote.

"Akaunti ya marehemu tusiifunge," alisema. "Kuomba nyingine makao makuu ni miezi sita. Fundi abadilishe neno la siri, dada aendelee nayo."

Mdogo wangu akasema taratibu, "Bosi, si afadhali niongezewe ruhusa kwenye yangu?"

"Akaunti ni kama kiti, dada. Aliyekaa kaondoka, wewe kaa."

"Kiti hakina jina la mtu, bosi."

"Kina. Kiinue uone, aliandika kwa chaki chini yake wasimwibie."

Wakacheka. Hata mimi nilicheka, nikiwa juu ya stuli na ndoano za pazia mdomoni.

Fundi wa kompyuta akaja, mwanaume wa makamo, mzito, mwenye maneno mengi kuliko vifaa. Hakugusa zile picha tunazobonyeza sisi. Alifungua kwenye skrini dirisha jeusi, tupu, lenye kimstari kinachopepesa pembeni. Akaandika amri moja fupi, passwd, akaacha nafasi, akaandika jina la akaunti ya Mama Faili.

"Ndiyo hivyo tu?" mdogo wangu akauliza. "Hata hujui neno lake la zamani."

"Mwenye akaunti akitaka kubadilisha lazima ataje kwanza la zamani. Mimi siulizwi. Kwenye mashine hii mimi ni kama mwenye nyumba. Nang'oa kitasa, naweka kingine, mpangaji atajijua."

"Na mpangaji akirudi?"

"Huyu tuliyemzika sote? Acha hizo, dada."

Mashine ikaomba neno jipya. Fundi akabonyeza vitufe, lakini kwenye skrini hakikutokea kitu, si herufi wala nyota. Nikamwambia kutoka juu ya stuli kwamba kibodi imekufa.

"Haijafa, mama. Kwenye dirisha hili neno la siri halionekani kabisa, hata idadi ya herufi huwezi kuijua." Akaliandika mara ya pili kwa kuhakikisha. "Haionyeshi. Inasikia tu."

Mashine ikajibu kwamba imekubali. Fundi akamnong'oneza mdogo wangu lile neno sikioni, nami nikarudi kwa mashuka yangu.

Jumanne asubuhi akaunti ilikataa kufunguka. Fundi akaja, akalaani kidogo, akabadilisha tena. Jumatano ikakataa tena. Siku hiyo hakuwa na utani. Kumbe kompyuta huandika yenyewe kila kinachofanyika ndani yake, na saa yake, kama mlinzi na daftari lake la getini. Fundi alifungua daftari hilo akamwonyesha mdogo wangu mistari miwili. Jumatatu, saa saba na dakika kumi mchana. Jumanne, saa saba na dakika kumi mchana. Neno la siri limebadilishwa kwenye mashine hii hii, na mwenye akaunti mwenyewe.

"Si mimi," fundi alisema. "Ningekuwa mimi ingeandika mkuu wa mashine. Huyu ameulizwa neno la zamani, na amelitaja sawasawa."

"La zamani lipi?"

"Lile nililokupa sikioni."

Saa saba ni saa ya chakula. Chumba hufungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mdogo wangu, akiwa amekaa na mimi nyuma ya chumba cha kufulia tunakula. Siku zote mbili nilikuwa naye. Lakini Miwani hakutaka ushahidi wa dada mtu. Alisema maneno hayo yanajulikana na watu wawili tu, na mmoja wao ni fundi mwenye mashine zake. Akampa mdogo wangu hadi Ijumaa akaunti iwe imetulia, la sivyo akatafute dirisha jingine la kukaa.

"Sasa huyu mtoto nitamweka wapi?" mdogo wangu aliniuliza. Anamlea peke yake. Baba mtu alikwenda kutafuta kazi, na inaelekea bado anaitafuta.

Alasiri hiyo, saa ya chakula ikiwa imepita, fundi akatoa shauri alilodhani ni la busara. "Safari hii sitajua hata mimi. Nitakufungulia hilo dirisha, wewe mwenyewe utaandika neno lako. Usimwambie mtu. Liwe refu, na liwe kitu ambacho huwezi kukisahau hata uamshwe usingizini."

Mwanamke mwenye mtoto mmoja, amechoka, amesimamiwa na wanaume wawili, anaambiwa achague haraka kitu asichoweza kukisahau. Aliandika jina la binti yake, lote, na mwaka aliozaliwa. Usimcheke. Simu yangu mimi ilikuwa inafunguka kwa jina la kitinda mimba wangu, na yako sijui inafunguka kwa lipi.

Aliniambia jioni, tukimenya viazi.

"Umeweka nini?"

"Fundi kasema nisimwambie mtu."

"Mimi ni mtu?"

Akatabasamu. "Nimeweka la mtoto." Kisha kisu kikasimama. "Dada. Mara ya kwanza niliandika vizuri. Mara ya pili, ile ya kuhakikisha, vitufe vilikuwa vinashuka kabla sijavigusa."

Nikamwambia ni uchovu. Akasema huenda. Mtoto alikuwa sakafuni anachora, tukamwita jina aje kula, akaja mbio na penseli mdomoni. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomwona akiitika.

Alhamisi tuliamua kutotoka saa ya chakula. Tulifunga mlango kwa ndani, mimi na mdogo wangu. Fundi alikuwa ofisini kwake, mwisho wa jengo, akitazama daftari la mashine kwenye skrini yake, simu sikioni. Simu ya mdogo wangu tuliiweka juu ya rafu, imefunguliwa sauti.

Saa saba na dakika tano. Mdogo wangu alikuwa kwenye meza yake. Mimi nilisimama na mgongo wangu mlangoni. Kompyuta ya Mama Faili ilikuwa inawaka, na hakuna aliyeingia kwenye akaunti. Jua lilikuwa limejaa chumbani. Nje mtu alikohoa. Dakika nane. Dakika tisa.

Hakuna kilichosogea. Nataka hili lieleweke. Hakukuwa na kivuli wala upepo, na kibodi haikushuka hata kitufe kimoja. Kiti kilikaa kama kiti. Nilianza kujiona mjinga, nikawaza mashuka ya wodi ya wazazi yaliyokuwa yananingoja kwenye beseni.

"Mmemaliza?" fundi akauliza kwenye simu.

"Kumaliza nini?"

"Kubadilisha."

"Hatujagusa kitu, fundi. Tuko mbali na meza."

Nilisikia anavyopumua.

"Limebadilishwa sasa hivi," akanong'ona. "Ameulizwa la zamani. Amelitaja. Limekubaliwa."

Mdogo wangu akaweka mkono mdomoni. Alielewa kabla yangu. Mimi nilikuwa bado nawaza kompyuta. Yeye alikuwa anawaza ni nani, ndani ya chumba kile kile, hatua tatu kutoka alipokaa, aliyetaja jina la mtoto wake lote, na mwaka wake, bila kukosea. Kisha akaliondoa, akaweka jingine.

Zamu yangu huisha saa nane, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa namchukua mtoto shuleni. Saa tisa nilikuwa getini. Nikamwona amesimama karibu na ukuta, mkoba mgongoni. Nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita kwa nguvu, hadi wazazi wengine wakageuka. Mtoto mwenzake akamgusa bega akanionyesha. Alinitazama kwa adabu. Halafu akatazama nyuma yake, aone ninamwita nani.

Nilimshika mkono akanifuata bila ubishi. Njiani nikajaribu lile jina la utani alilopewa na babu yake. Nikajaribu lile ambalo mama yake humwita akiwa na homa. Hakuna kitu. Nikachuchumaa mbele yake.

"Wewe unaitwa nani?"

Akafungua mdomo. Akaufunga. Akabaki ananiangalia, anasubiri, kama wale wagonjwa wa dirishani wanaosubiri mtu wa ndani aseme.

Ijumaa mimi na mama yake tulimpeleka kwa daktari wa masikio. Daktari alisimama nyuma yake akanong'ona namba, mtoto akazirudia zote. Akanong'ona majina ya wanyama, akayarudia. Akanong'ona jina lake. Mtoto akalirudia vilevile, kwa sauti ile ile, kama punda na ng'ombe.

"Masikio ni mazima," daktari alisema. Akaita mgonjwa aliyefuata.

Kutoka hapo tulikwenda moja kwa moja chumba cha kumbukumbu. Mdogo wangu akafungua faili la mtoto kwa akaunti yake mwenyewe, ile ya kusoma tu. Jina lilikuwa limepigwa mstari. Limebadilishwa Alhamisi, saa saba na dakika kumi mchana. Aliyebadilisha, Mama Faili. Mahali pa jina jipya palikuwa peupe.

Fundi akainama. Akaburuta kishale juu ya ule weupe, na sehemu fupi ikageuka bluu.

"Si patupu," alisema. "Pameandikwa. Ni neno moja, fupi. Halitaki kuonekana tu."

Akajaribu kulinakili mahali pengine. Likatoka tupu.

"Basi badilisha ile akaunti, niingie humo nirudishe jina la mwanangu," mdogo wangu alisema. "Wewe si huulizwi?"

Fundi akakaa. Akafungua dirisha jeusi, akaandika ile amri yake fupi na jina la akaunti. Akabonyeza. Akajiegemeza nyuma polepole.

Mashine ilikuwa inamwuliza neno la zamani.

"Haitakiwi kuniuliza mimi," alisema. "Sijawahi kuulizwa. Mimi ndiye mwenye nyumba hapa." Akaizima, akaiwasha. Ikamwuliza tena. Akaandika jina la mtoto na mwaka. Likakataliwa. Akaandika neno jingine. Likakataliwa. La tatu. Dirisha likaganda, likaandika kwamba asubiri dakika kumi.

Jasho lilikuwa linamchuruzika hadi kwenye kola. "Naifuta," alisema. "Hiyo haihitaji neno. Naifuta akaunti yote, na kila kilichomo." Tayari alikuwa ameandika amri ya kufuta. Kilichobaki kilikuwa kitufe kimoja.

Mdogo wangu alimshika mkono. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Ukiifuta, na jina lake limo humo, mtoto wangu atabaki nani?"

Tukamtazama mtoto. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Mama Faili, miguu haifiki chini, anatusikiliza. Fundi akaondoa kidole. Akakusanya vitu vyake, na siku tatu baadaye nikasikia ameomba uhamisho. Sijamwona tena.

Sisi hatukukaa tu. Tulikwenda kwa waombaji, wakaomba hadi sauti zikakauka. Tulikwenda kwa mganga pia, sioni aibu kusema, maana anayezama hachagui mkono wa kushika. Njia ilikuwa ndefu na mvua ilitukuta. Mganga alitandaza kitambaa chake, akafunga macho, akasema, "Nitajieni jina la mtoto." Mimi na mdogo wangu tukatazamana. Alipofumbua macho na kuona hakuna anayejibu, alikunja kitambaa mwenyewe.

Kuanzia wiki ile mdogo wangu ana kazi moja. Mashine inaruhusu kujaribu maneno matatu, kisha inaganda dakika kumi. Maneno matatu tena, dakika kumi. Anajaribu majina. Ameanza na mafaili ya rafu ya kwanza, upande wa mlangoni, na anakwenda nayo moja moja, maana anaamini neno jipya la siri ndilo jina jipya la mtoto, na litakuwa limetoka mle ndani, kwa watu ambao Mama Faili aliwahi kuwaandika. Anayaweka alama kwenye daftari kubwa. Nilimpigia hesabu kichwani, rafu zile hadi darini. Sikumwambia jibu.

Jioni huja kwangu. Hakai kula. Anakaa mbele ya mtoto, anafungua lile daftari, anamsomea majina ya siku hiyo kwa sauti, moja, anasubiri, jingine, anasubiri. Mtoto anasikiliza yote. Hajawahi kuchoka wala kuonyesha ubishi. Likiisha la mwisho mama mtu anafunga daftari, ananiambia, "Kesho, dada," anaondoka. Ndiyo maana mtoto anakaa kwangu. Mtu anayehesabu dakika kumi kumi hawezi kukumbuka kuosha nguo.

Akaunti mpya kutoka makao makuu ilikuja baada ya wiki tatu. Ile miezi sita ilikuwa ya mdomoni tu. Nayo haikuweza kurudisha jina la mtoto; kwenye faili lake pekee ilikuwa ya kusoma tu. Miwani alimpa mtu mwingine meza, mdogo wangu akaachiwa abaki pembeni na ile kompyuta ya zamani. Hakuna aliyemfukuza. Nadhani wanaogopa kuikalia wao.

Mwisho wa mwezi nilikumbuka shule. Katika vurugu zote hizo hakuna aliyewaarifu kwamba mtoto haji. Nikamwacha kwa jirani yangu fundi cherehani, nikaenda asubuhi saa nne, wakati wa mapumziko. Mwalimu wa darasa alikuwa darasani peke yake, anasahihisha.

"Mama mkubwa, karibu. Leo umekuja mapema."

"Samahani, mwalimu. Tumechelewa sana kutoa taarifa."

"Taarifa ya nini?"

"Ya mtoto kutokuja."

Alicheka. "Huyu? Angekuwa wa kwanza kupewa zawadi. Hajakosa hata siku moja."

Akafungua rejista akanigeuzia. Alama za kalamu ya bluu, zimepangana. Ijumaa tuliyokuwa kwa daktari. Siku mbili za mganga. Jana. Leo.

"Unamwona?" nikauliza.

"Mama, nina watoto tisini humu. Naita jina, anaitika, daftari linafika mezani." Akaanza kupekua rundo lililokuwa mbele yake. "Ila amebadilika, nikusifie. Mwanzoni alikuwa na fujo na mwandiko wa kuku. Sasa mtulivu, na mwandiko umenyooka kama wa mtu mzima. Mmemfanyaje?"

Akanipa daftari. Nilifungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Tarehe ilikuwa ya siku ile. Hesabu kumi, zote kumi amepata.

"Ngoja nikuitie akusalimie."

Nilinyoosha mkono kumzuia, nikachelewa. Alikwisha kuinama dirishani. Uani kulikuwa na mamia ya watoto, sare moja, vichwa vimenyolewa namna moja. Akaliita jina. Lote.

"Abee, mwalimu!"

Ilikuwa sauti yake. Si ya kufanana. Yake, yenye ule upepo wa meno mawili ya mbele yaliyong'oka mwezi mmoja kabla. Na uani hakuna kichwa kilichogeuka. Sauti ilikuwa imetoka koridoni.

Nikasikia viatu kwenye saruji. Vinakuja. Havikuwa na haraka ya mtoto.

Mtaniuliza kwa nini sikusubiri nimwone. Nina watoto wanne, na wa tano ni huyu. Darasa lilikuwa na mlango wa pili, nikautumia. Sikukimbia hadi nilipovuka geti, na huko nje ndipo nilipogundua kwamba daftari bado liko mkononi mwangu.

Ninalo hadi leo, kabatini, chini ya mashuka. Mdogo wangu sijamwonyesha. Mtoto nilimwonyesha siku ile ile. Nilimwekea mapajani, jalada juu, jina lake limeandikwa pale kwa herufi kubwa. Alilifungua ukurasa baada ya ukurasa, akazitazama zile hesabu, akaupitisha mkono kwenye maneno ya wino mwekundu ya mwalimu, Vizuri sana. Kisha akalifunga, akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtoto aliyefunzwa anavyorudisha kitu cha watu.